Albert Szent-Györgyi, pilipili hoho na kidonda cha mtoto

Mama au mlezi uliyeko Tunduma, Vwawa au Ileje, huenda umeshauriwa kupaka manjano au maji ya majani kwenye kidonda cha mtoto, kwamba rangi yake inakausha. Kabla hujapaka, mfahamu daktari huyu.

Albert Szent-Györgyi alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1893. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akisomea udaktari, akapelekwa mstari wa mbele. Mwaka 1916, akiwa amechoshwa na mauaji, alijipiga risasi mkononi ili arudishwe nyumbani. Alirudishwa, akamaliza masomo mwaka 1917.

Baadaye alijiuliza jambo unaloliona jikoni kila siku: kwa nini kiazi au tofaa lililokatwa hugeuka kahawia, lakini chungwa halifanyi hivyo? Swali hilo lilimfikisha kwenye vitamini C. Shida ilikuwa kuipata kwa wingi. Akiwa Szeged, mji unaolima sana pilipili hoho, jioni moja mkewe alimwekea hoho mezani. Hakutaka kuila, akaipeleka maabara. Kufika usiku wa manane alijua amepata hazina. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa nini hilo likuhusu? Mwili hutumia vitamini C kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi na kuunga kidonda. Ikipungua sana, fizi huvuja damu na kidonda hukawia kupona.

Sasa kuhusu rangi. Szent-Györgyi aliona mgonjwa aliyekuwa akivuja damu chini ya ngozi akipata nafuu kwa dawa ya vitamini C isiyosafishwa vizuri, lakini vitamini C safi haikusaidia. Akashuku rangi za mimea ziitwazo flavonoidi, zilizomo kwenye malimau na hoho, akaziita vitamini P. Wenzake walipopima zaidi, jina hilo liliachwa: flavonoidi si vitamini. Hata mshindi wa Nobel hupimwa upya, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Maabara zimeonyesha kuwa baadhi ya rangi za mimea, hata ile ya manjano, hupunguza uvimbe, lakini unga wa jikoni haujasafishwa kwa ajili ya kidonda na unaweza kubeba vijidudu.

Kwa hiyo rangi ziende kwenye sahani. Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee papai au mpe maji ya chungwa kwa kijiko pamoja na uji. Aliye chini ya hapo anyonye tu, nawe ule matunda hayo. Hoho ikate karibu na kula, na mboga usizichemshe muda mrefu kisha ukamwaga maji yake, kwani vitamini C huharibika kwa moto na huyeyuka majini.

Kidonda chenyewe kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi. Ukiona wekundu unasambaa, usaha, homa, au hakijapona baada ya wiki 2, mpeleke zahanati. Kama kimetokana na msumari au kimeingia udongo, mpeleke siku hiyohiyo na kadi yake ya kliniki, waangalie chanjo ya pepopunda.

Szent-Györgyi alihamia Marekani mwaka 1947, akafariki huko mwaka 1986 akiwa na miaka 93.