Nesi wa Gikondi na Swali la Binti Yangu

Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea unesi. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia ni vile manesi wanapata kazi majuu haraka. Nilitaka kumkemea, nikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe niliingia kazi hii juu ya mshahara. Sasa ni miaka 19.

Usiku huo, baridi yetu ya Timau ikiuma, tulikaa jikoni nikamsimulia habari za Irene Stefani, ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alikuwa sista wa Kikatoliki, si wa kanisa letu, lakini yule Msamaria pia hakuwa wa kwao.

Alizaliwa mwaka 1891 kule Anfo, Italia. Mwaka 1911 aliacha nyumbani akajiunga na masista wa Consolata, na mwisho wa 1914 akapanda meli kuja Kenya. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imeanza. Waafrika wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, wale wa Kariokoo, na walikufa kwa maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Irene aliwauguza Voi, Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Aliosha vidonda vilivyooza, akalisha walioshindwa kuinua mkono.

Inasimuliwa kwamba huko Kilwa alikuta kitanda cha mgonjwa wake kiko wazi. Aliambiwa amekufa, ameshapelekwa ufuoni na maiti wengine. Hakukubali. Alienda akamtafuta kati ya maiti, akampata bado anapumua.

Hapo, wapendwa, sauti yangu ilikatika. Nilikumbuka zamu moja ya usiku. Mzee aliita maji, nikamwambia angoje kidogo. Baadaye akanyamaza, nami nikashukuru kimya. Asubuhi nilimkuta amepoa. Labda angekufa tu hata ningeenda. Lakini sikuenda. Sijawahi kumwambia mtu hadi usiku huo. Binti yangu aliniuliza jina la mzee, na sikulikumbuka.

Nikamalizia habari. Kuanzia 1920 Irene aliishi Gikondi. Alipanda na kushuka vilima kwa miguu kutembelea wagonjwa na akina mama waliojifungua, akafundisha, akawaandikia watu barua kwa jamaa zao walioenda mbali kutafuta kazi. Mwaka 1930 mwalimu mmoja alishikwa na tauni. Watu waliogopa, yeye akaenda kumuuguza. Akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba, akiwa na miaka 39. Mwaka 2015 maelfu walikusanyika Nyeri kumkumbuka.

Sikumkataza binti yangu kwenda majuu. Mshahara si dhambi, na karo ya wadogo zake lazima itoke mahali. Nilimwambia tu kwamba mshahara utamfikisha wodini, lakini saa tisa usiku mgonjwa akiita, mshahara hautamwinua kitini. Huruma ndiyo itamwinua, na huruma tunaiomba kwa Mungu kila siku.

Fomu bado iko mezani. Ananiambia anaomba kwanza. Mimi nami naomba, na siku hizi nikiingia zamu nauliza kila mgonjwa jina lake. Tuwaombee manesi wetu. Amina.