Frank Shuman, jamaa aliyelima jua mwaka wa 1913

Ukiishi Kanamkemer, hapa Lodwar, jua halihitaji kutambulishwa. Saa saba mchana hata mbuzi wanagombania kivuli. Sasa cheki stori ya jamaa aliyetazama jua kama hili akaona mali.

Frank Shuman alizaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka wa 1862. Pesa alizipatia kwenye kioo chenye waya ndani, kile kikipasuka vipande havitawanyiki. Angetulia ale hela zake, lakini akili ilikuwa juani.

Mwaka wa 1913 akazindua shamba la jua Maadi, karibu na Cairo. Si paneli hizi tunazozijua. Zilikuwa safu tano ndefu za vioo vilivyopindwa kama mfereji. Vioo vilikusanya miale kwenye bomba, maji yakachemka, mvuke ukaendesha injini, na injini ikavuta maji ya Nile hadi kwenye mashamba ya pamba. Hakuna moshi, hakuna makaa ya kuletwa kwa meli.

Alitaka kutandaza vioo hivyo Sahara, maana alijua makaa na mafuta yana mwisho. Lakini 1914 vita vikuu vikazuka, mradi ukakwama. Shuman akafa 1918, na mafuta ya bei rahisi yakafunika wazo lake.

Mafuta hayohayo yalipopatikana kwetu Turkana mwaka wa 2012, kisima cha Ngamia 1, watu walishangilia. Sawa, lakini kisima hukauka. Kalobeyei, upande wa Kakuma, paneli tayari zinawasha taa. Wasee, tutachimba tu, ama na sisi tutalima jua?