John Henry Newman: mgeni wa Kingstanding asiyeridhika na hoja ya saa

Katika eneo la Kingstanding, kaskazini mwa jiji la Birmingham nchini Uingereza, ipo nyumba kongwe iitwayo Maryvale. Mwezi Februari mwaka 1846 alihamia humo John Henry Newman, ndipo kwanza ametimiza miaka 45.

Nyuma yake aliiacha Oxford, alikosoma, kufundisha na kuhubiri, pamoja na marafiki wengi waliomwona msaliti. Oktoba mwaka uliotangulia alikuwa amelihama Kanisa la Anglikana na kupokewa katika Kanisa Katoliki. Aliyewahi kufungasha vitabu vyake asijue atarudi lini ataelewa uzito wa safari ile. Newman hakuikanyaga tena Oxford hadi mwaka 1878.

Enzi hizo Waingereza wengi wasomi waliitegemea theolojia ya maumbile, yaani jitihada ya kumtambua Mungu kwa akili na kwa kuvitazama viumbe, pasipo kutegemea ufunuo. Mwalimu wao mkuu, William Paley, katika kitabu chake cha mwaka 1802 aliufananisha ulimwengu na saa: saa haikosi fundi, basi na ulimwengu vivyo hivyo.

Newman hakukana kwamba akili yaweza kumfikia Muumba. Alichokiona ni kwamba hoja hiyo huonyesha uwezo na hekima tu. Juu ya dhambi, msamaha na hukumu haina la kusema, na ni nani atakayepiga magoti mbele ya fundi wa saa? Kwake yeye njia madhubuti ilikuwa dhamiri, ambayo humwaibisha mtu hata pale asipoonwa na yeyote. Hayo aliyafafanua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1870.

Ndiyo maana nadharia ya Darwin, iliyochapishwa mwaka 1859 na kuitikisa vibaya hoja ya Paley, haikumtisha. Katika barua ya mwaka 1868 alieleza kuwa si lazima ipingane na kuwapo kwa Muumba.

Februari 1848, akiwa tayari amepata upadri mjini Roma, alianzisha Maryvale jumuiya ya kwanza ya Oratorio nchini Uingereza. Mwaka uliofuata alihamia katikati ya Birmingham, katika jengo lililokuwa kiwanda cha pombe kali, akawahudumia maskini. Alifanywa kadinali mwaka 1879, akafariki dunia Agosti 11, 1890. Papa Francis alimtangaza mtakatifu Oktoba 13, 2019.