Kamanda aliyemwosha mgonjwa

Kama umewahi kutazama Twelve O'Clock High, filamu ya vita ya mwaka 1949, unamkumbuka yule jenerali wa Kimarekani aliyeigizwa na Gregory Peck. Anakabidhiwa kikosi cha ndege kilichokata tamaa, anakibana mpaka kinasimama, kisha anavunjika yeye. Ile ni filamu. Mwingereza Leonard Cheshire aliyaishi mambo ya namna hiyo.

Alizaliwa mwaka 1917, akasoma sheria Oxford, vita vikamfanya rubani. Mwaka 1942 alipewa kuongoza kikosi namba 76 cha ndege za mabomu, siku ambazo ndege nyingi zilizoondoka usiku kwenda Ujerumani hazikurudi. Alijitahidi kuwajua kwa majina hata mafundi wa chini, na aliruka pamoja na vijana wageni wenye hofu. Lakini aliyeshindwa kabisa na hofu alimhamisha upesi, asije akaambukiza wengine. Usiharakishe kumhukumu. Fungua Kumbukumbu la Torati 20:8, kisha Waamuzi 7, uwaone watu 22,000 waliorudishwa makwao mbele ya Gideoni. Nawe unayeongoza idara, kwaya au jumuiya, yule aliyelegea unamfanyaje?

Akiwa na miaka 25 alipandishwa cheo kilichomweka mbali na mapambano. Akakubali kushushwa ili aruke tena, safari hii na kikosi namba 617. Februari 1944 walitumwa kupiga kiwanda cha injini za ndege huko Limoges, Ufaransa, ambako zamu ya usiku ilikuwa na mamia ya wafanyakazi, wengi wao wanawake. Cheshire alipita mara tatu chini kabisa juu ya mapaa, ili watoke wakimbie. Ndipo akarudi kuweka alama ya kulenga. Adui naye alikuwa ameshaonywa!

Agosti 9, 1945 alikuwa angani akishuhudia bomu la atomiki likiangushwa Nagasaki.

Baada ya vita alianzisha makazi ya pamoja kwa askari waliostaafu. Yakafa, akabaki na jumba kubwa na madeni. Mwaka 1948 akapata habari za mtu aliyewahi kuishi nao: ana saratani, hospitali haina la kumfanyia, hana kwao. Huyu hakuwa na pa kuhamishiwa. Cheshire alimchukua, akampikia, akamwosha, akakesha naye mpaka akafa. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo alipokewa katika Kanisa Katoliki.

Wagonjwa wengine wakaja, jumba likajaa. Leo nyumba zenye jina lake zipo nchi nyingi, Kenya ikiwamo. Yeye alifariki Julai 1992 kwa ugonjwa uliomlegeza misuli kidogo kidogo, mpaka naye akawa mtu wa kuhudumiwa.