Robert Brown, mtu aliyepanga maua kwa chavua

Kama umepita Kidato cha Kwanza, jina lake ulilisikia hata kama umelisahau. Ni huyo wa "mwendo wa Brown", zile chembe za moshi zinazotikisika ovyo kwenye somo la fizikia. Kumbe Robert Brown hakuwa mtu wa fizikia. Alikuwa mtu wa maua, na kazi aliyoifanya inahusu mimea unayoweza kukutana nayo hapa kwetu, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1773 mjini Montrose, Uskoti. Baba yake alikuwa kasisi. Alisomea udaktari Edinburgh, akaacha chuo bila digrii, akaingia jeshini kama msaidizi wa daktari na kupelekwa Ireland. Huko, kila akipata nafasi, alikuwa porini anakusanya mimea. Mwaka 1801, akiwa na miaka 27, aliacha kazi hiyo akapanda meli ya Investigator kwenda Australia.

Safari haikuwa mchezo. Mwaka 1803 meli nyingine, Porpoise, iligonga mwamba ikiwa imebeba sehemu ya mimea yake, ikapotea. Hata hivyo alirudi Uingereza mwaka 1805 na aina zinazokaribia 4,000.

Sasa swali: nani ndugu ya nani? Mfaransa Jussieu alikuwa ameweka kwenye familia moja mimea mingi inayotoa utomvu mweupe kama maziwa. Humo mlikuwa na franjipani na olianda za bustanini, pamoja na kile kichaka cha mchangani chenye majani mapana ya kijivu na tunda lililofura kama puto. (Utomvu wake usiuguse kisha ukajipangusa macho. Utajuta.)

Brown hakuridhika. Alichukua hadubini akaangalia chavua, ule unga wa maua. Tena hakungoja ua lifunguke, alipasua hata machipukizi ili aone chavua inavyoanza. Akakuta tofauti kubwa. Kwenye franjipani, chembe za chavua hukaa mojamoja. Kwenye kile kichaka, zimeshikana zikawa vifurushi viwili vilivyounganishwa kwa kibanio kidogo. Mguu wa mdudu ukinasa kwenye kibanio, unatoka na vyote viwili, kama abiria wa feri na mabegi yake.

Kwa sababu hiyo, katika andiko lililochapishwa 1810, aliigawa familia ile mara mbili. Kile kichaka naye ndiye aliyeipa jenasi yake jina: Calotropis.

Hakuishia hapo. Mwaka 1827, akichungulia chavua ndani ya maji, aliona vijichembe vinacheza bila kusukumwa. Wengine wangesema ni uhai. Yeye akajaribu na unga wa mawe, navyo vikacheza vilevile. Sababu kamili ilielezwa na Einstein mwaka 1905. Na ni Brown aliyekipa jina kiini cha seli, mwaka 1831. Alifariki London tarehe 10 Juni 1858.

Miaka 140 baadaye, mwaka 1998, wataalamu waliotumia DNA walirudisha familia zake mbili kuwa moja. Eti alikosea? Mpaka aliouchora ulifutwa, kwa kuwa mimea ya vifurushi ilionekana ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo uleule. Lakini vifurushi vyenyewe havijafutwa. Mpaka leo mtaalamu akitaka kujua mmea uko tawi gani la familia hiyo, huangalia kama chavua iko mojamoja, nnenne au imefungwa vifurushi.

Ukikiona kichaka hicho, chungulia ua lake: meupe kwa chini, zambarau kwenye ncha. Vifurushi vimo katikati, vidogo kiasi kwamba utahitaji kioo cha kukuzia.