Mackintosh na Viti vya Mikahawa ya Chai

Mara ya kwanza nilipoiona picha ya kiti hicho nilidhani ni kitu cha kwetu. Mgongo wake ulikuwa mrefu kupita kichwa cha mwenye kukalia, mbao zake zilikuwa zimekolea weusi, na kilikuwa na ile haiba ya kiti cha enzi, ambacho wazee wetu wa Lamu na Pate walimwekea mgeni mtukufu: cha mpingo, kimetiwa vipande vya mfupa au pembe na kusukwa kwa kamba. Nilipoyasoma maelezo chini ya picha nikaona nimekosea. Kiti kilikuwa cha mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, na kilitengenezwa mjini Glasgow, Uskoti, mwishoni mwa karne ya 19. Wala hakikuwa cha sultani au kadhi. Kilikuwa cha mkahawa, na aliyekikalia alikuwa mtu wa kawaida aliyetoka kazini kwake akaja kula chakula cha mchana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafuatilia maisha ya bwana aliyekibuni, Charles Rennie Mackintosh, na leo namwomba msomaji akae nami kitako nimsimulie.

Mackintosh alizaliwa Glasgow tarehe 7 Juni 1868, mtoto wa nne kati ya watoto kumi na mmoja. Baba yake alikuwa karani katika idara ya polisi. Mtoto alizaliwa na ila ya mguu iliyomfanya achechemee maisha yake yote. Mnamo mwaka wa 1884 alitiwa kazini kwa mchoraji wa ramani za majumba ili ajifunze, na mwaka wa 1889 akahamia katika kampuni ya Honeyman na Keppie. Mchana alichora majumba ya watu. Jioni alikwenda kusoma katika Chuo cha Sanaa cha Glasgow. Huko ndiko alikojuana na Margaret Macdonald, msanii hodari, wakaoana mwaka wa 1900. Kwa maoni yangu bibi huyu hasifiwi kama anavyostahiki, kwani katika kazi nyingi za mumewe mkono wake umo.

Sasa tuuangalie mji wenyewe. Glasgow ya siku hizo ilikuwa na viwanda vya meli na chuma, na fedha zilikuwa nyingi. Lakini ulevi nao ulikuwa mwingi. Mfanyakazi aliyetaka kula mchana aliona ni wepesi kuingia kilabuni, na mara nyingi chakula kilifuatana na pombe. Wako waliochukizwa na hali hiyo wakaanzisha vyama vya kupinga ulevi, na katika upepo huo ikazaliwa mikahawa ya chai. Hodari wa biashara hiyo alikuwa mwanamke, Bi. Kate Cranston, aliyezaliwa mwaka wa 1849 na kufungua mkahawa wake wa kwanza mwaka wa 1878 katika barabara ya Argyle.

Sisi watu wa pwani hatuoni ajabu mkahawa usiouza pombe. Ndiyo mikahawa tuliyolelewa nayo. Kwa watu wa Glasgow lilikuwa jambo la kufikiriwa sana. Kilabu kilikuwa na vioo, shaba inayong'aa na mbao zilizopigwa polishi. Kama mahali pa chai pangekuwa na benchi kavu na ukuta mtupu, nani angekuja? Bi. Cranston aliamua kwamba mahali pa chai pawe pazuri kupita kilabu. Wanawake nao walifaidika, maana walipata mahali pa heshima pa kukaa na kuzungumza bila kusindikizwa na mwanamume.

Hapo ndipo alipomwita Mackintosh. Mwaka wa 1896 alimpa kuta za mkahawa wake wa barabara ya Buchanan azipambe, na viti na meza akampa msanii mwingine, George Walton. Miaka miwili baadaye, alipoukarabati ule wa barabara ya Argyle, aliwabadilishana: Walton akachukua kuta, Mackintosh akachukua viti.

Kiti kile nilichokiona pichani ni cha huko. Kimo chake chakaribia sentimita 137. Juu kabisa pana kipande cha ubao cha mviringo kama yai, na ndani yake pamekatwa tundu la umbo la ndege anayeruka. Mtu atauliza, urefu wote huo wa nini, na mgongo wa mtu haufiki huko? Mimi naona jawabu limo chumbani. Chumba cha kulia kilikuwa kikubwa na meza zilikuwa nyingi. Watu wanne wakikaa katika viti kama hivyo kuizunguka meza moja, migongo ile mirefu huwafanyia kijumba chao, na mazungumzo yao yakabaki yao. Kwetu mgongo mrefu ulimtukuza mmoja mbele ya wote. Yeye alimpa kila mteja aliyelipia sahani yake.

Lakini tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mackintosh hakuwa seremala. Hakushika randa wala patasi, alishika penseli. Waliochonga ni mafundi wa Glasgow, miongoni mwao Francis Smith, ambaye jina lake limehifadhiwa pamoja na hesabu za kazi zile. Mimi nimekulia jirani na karakana ya seremala, na najua fundi wetu angeguna akipewa mchoro ule: nguzo nyembamba ndefu, kipande kizito juu, na viungo vichache vya kubeba nguvu ya mtu anayejiegemeza baada ya kushiba. Wajuzi wa kazi zake wamekiri kwamba baadhi ya viti vyake vilikuwa dhaifu viungoni na vikahitaji kutengenezwa tena na tena. Alilitazama umbo kwanza, ubao baadaye. Mwaloni aliutia rangi nyeusi, na baadaye kuna mbao alizozipaka rangi nyeupe au ya fedha hata usizione nyuzi zake. Fundi anayependa mbao hataipenda tabia hiyo, na mimi simlaumu fundi.

Kazi kubwa ilikuja mwaka wa 1903. Bi. Cranston alinunua jengo katika barabara ya Sauchiehall, na safari hii hakumgawia mtu mwingine hata kipande. Jina la barabara hiyo latokana na maneno ya kale yenye maana ya bonde la mierebi, miti inayoota kando ya maji na kuinamisha matawi yake. Mackintosh akaushika mti huo akaufanya ndio wazo la nyumba nzima. Alibuni uso wa jengo, milango, vioo, taa, meza, viti, hata vijiko na uma. Chini mbele palikuwa na chumba cheupe cha chai, nyuma yake chumba cha chakula chenye mbao nyeusi, na juu kikawekwa chumba cha anasa chenye viti vya rangi ya fedha na kitambaa cha zambarau, ambamo chai iliuzwa ghali kidogo kuliko chini. Kati ya vyumba viwili vya chini kiliwekwa kiti kimoja cha peke yake cha msimamizi, mgongo wake umepindwa kama nusu duara na kufumwa kwa vijiti vya mwaloni mweusi, na ukikitazama kwa mbali unaona mti. Bibi msimamizi alikaa ndani ya mti huo akiangalia shughuli.

Sifa zake zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari. Mwaka wa 1900 yeye na mkewe walikaribishwa Vienna kuonyesha kazi zao, na wasanii wa huko waliwapokea kwa shangwe. Nyumbani kwao sifa hizo hazikuzaa kazi nyingi. Alimaliza jengo la Chuo cha Sanaa mwaka wa 1909, na baada ya hapo wateja wakapungua.

Linalofuata ni zito kulisema. Mtu aliyevipamba vyumba vile ili watu wapate mahali pasipo na pombe, mwenyewe alizama ndani yake. Alikunywa sana, kazi zikachelewa, na kufikia mwaka wa 1913 hakuelewana tena na wenzake katika kampuni, akatoka. Mwaka wa 1914 yeye na mkewe waliihama Glasgow. Walikaa kijijini Walberswick, pwani ya Uingereza, na vita vilipopamba moto wanakijiji wakamshuku mgeni huyu anayetembea usiku na kupata barua kutoka nchi za adui. Mwaka wa 1915 alihojiwa kama jasusi. Wakahamia London, kazi zikiwa haba. Bi. Cranston hakumsahau: mwaka wa 1917 alimpa chumba cha mwisho, katika ghorofa ya chini ya ardhi ya mkahawa uleule wa Sauchiehall. Lakini mwaka huohuo mume wa bibi huyo alifariki, naye akaanza kuiuza mikahawa yake.

Mwaka wa 1923 Mackintosh na Margaret walikwenda kusini mwa Ufaransa, maisha yakiwa rahisi huko, na akaacha majumba na viti akawa mchoraji wa picha za rangi za maji tu. Mwaka wa 1927 alirudi London akiugua saratani ya ulimi, na tarehe 10 Desemba 1928 akaaga dunia akiwa na miaka 60. Margaret alimfuata mwaka wa 1933. Vitu vyote vilivyokuwa katika vyumba vyao vya kazi, michoro na viti pamoja, vilithaminiwa kuwa pauni 88, shilingi 16 na peni 2. Kiti kimoja cha mikahawa ile kikipigwa mnada siku hizi huipita thamani hiyo mara nyingi mno.

Mkahawa wa barabara ya Ingram, ambao nao aliupamba, ulibomolewa ndani mwaka wa 1971 na mbao zake zikawekwa ghalani. Chumba chake kimoja cha mwaloni, alichokibuni mwaka wa 1907, kiliunganishwa tena kipande kwa kipande na kufunguliwa katika makumbusho ya mjini Dundee mwaka wa 2018. Mwaka huohuo mkahawa wa Sauchiehall ulifunguliwa upya baada ya kukarabatiwa, na maseremala wa sasa wakavichonga tena viti kwa kuifuata michoro yake. Vile vya asili, kama viti vya enzi vya kwetu, vingi vimo makumbushoni, na mgeni haruhusiwi kuvikalia.