Profesa na Mkokoteni Wake

Wako wasomi wanaokumbukwa kwa vitabu vyao. George Washington Carver yafaa akumbukwe kwa mkokoteni.

Alizaliwa utumwani, karibu na Diamond katika jimbo la Missouri nchini Marekani, yapata mwaka 1864. Angali mchanga, majambazi walimteka yeye na mamaye. Mtoto akarejeshwa, mama asionekane tena. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamrudisha mlangoni kilipomwona ni mweusi. Iowa ndiyo iliyompokea, katika chuo kilichonufaika na sheria ya 1862, iliyoyagawia majimbo ardhi ili yaendeshe vyuo vya kilimo na ufundi. Huko alipata shahada mbili, mwaka 1894 na 1896.

Mwaka huo wa 1896 Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama. Pamba ilikuwa imeufyonza udongo wa huko ukabaki mavumbi. Wakulima, wengi wao waliokuwa watumwa au wana wa watumwa, walilima mashamba ya kukodi na kulipa kwa sehemu ya mavuno. Aghalabu deni la dukani liliyameza yaliyosalia. Carver alianza na shamba la majaribio. Akahimiza kunde na karanga zipandwe kwa zamu na pamba, kwani mimea ya jamii hiyo huurudishia udongo naitrojeni. Mbolea ya dukani hawakuimudu, hivyo akawaonyesha tope la kinamasi na majani yaliyooza. (Sisi tuijuayo Kongwa, ambako Mwingereza alipoteza mamilioni ya pauni kwa karanga kati ya 1947 na 1951 bila kuupima udongo vya kutosha, twaelewa thamani ya shamba dogo la majaribio.)

Lakini mkulima mwenye deni hana nauli ya kwenda chuoni. Basi mwaka 1906 chuo kikamwendea yeye: mkokoteni wa kukokotwa na wanyama, uliosheheni plau, mbegu na vyombo, ukazunguka vijijini ukifundisha uani na kondeni. Vijitabu vyake, zaidi ya arobaini, viliandikwa kwa lugha nyepesi, na vingine vilieleza hata mapishi.

Watu hupenda kusimulia mamia ya vitu alivyotengeneza kwa karanga, hata kumpa sifa ya kubuni siagi ya karanga, ambayo si yake. Vingi kati ya vitu hivyo havikufika sokoni, na kwa maoni yetu masimulizi hayo yanaufunika mkokoteni. Yanafunika pia ukweli mchungu kwamba elimu haikuwapa wale watu ardhi. Mwenye shamba aliyetaka pamba alilimiwa pamba, hata kama mpangaji wake alikwisha kufundishwa vingine.

Carver alikaa Tuskegee zaidi ya miaka arobaini na sita, hakuoa, akavaa koti lile lile kuukuu. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa karibu na Booker T. Washington. Akiba ya maisha yake aliiacha huko huko chuoni, kwa ajili ya utafiti wa kilimo.